Ngozi Kukauka kwa Anayesafishwa Damu: Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Mtu anayesafishwa damu kwa mashine huwa na mambo mengi ya kuyafikiria kabla ya ngozi yake: nauli ya kwenda hospitali, bima, kiasi cha maji alichokunywa jana, na hofu ya mshipa wa mkononi kuziba. Ndiyo maana ukavu wa ngozi humwingia kimyakimya. Huanza kuonekana kwenye miundi na mikononi, ambako ngozi hupauka tena muda mfupi baada ya kupakwa mafuta. Ukucha ukipita huacha mstari mweupe, visigino hupata magaga, na asubuhi shuka huwa na unga wa magamba madogo. Zaidi ya nusu ya wanaosafishwa damu hupatwa na hali hii kwa kiwango fulani, na wengi wao huwashwa juu yake, hasa usiku.

Ushauri wa kwanza ambao mgonjwa huupata nyumbani ni ule ule kila mahali: "Kunywa maji mengi, mwanangu." Kwa mwenye figo nzima ushauri huo haumdhuru. Kwa ambaye mkojo wake umepungua au umekatika kabisa, unaweza kumrudisha hospitali usiku wa manane akiwa ameketi kwa kuwa hawezi kupumua akilala, maana maji yasiyo na njia ya kutoka hujaa miguuni, kisha mapafuni. Madafu, ambayo husifiwa sana kuwa hulainisha ngozi, ni mabaya zaidi, kwa sababu yamejaa potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo.

Kwa hiyo lishikwe hili kabla ya lolote jingine: ngozi hiyo haikauki kwa sababu mwenyewe hanywi maji ya kutosha. Inakauka kwa sababu imepoteza uwezo wa kuyashika maji, na uwezo huo hupotea kwa njia kadhaa ambazo mara nyingi huungana. Kazi ya mgonjwa na wanaomwuguza ni kuzipitia njia hizo moja baada ya nyingine, wakianza na zile ambazo wanaweza kuzirekebisha wenyewe nyumbani na kuishia na zile ambazo lazima zipimwe maabara.

Kinachoharibika ngozini

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa kama vigae vya paa, na katikati ya vigae hivyo pana mafuta ambayo huzuia maji ya mwilini yasivukizwe. Chini ya tabaka hilo kuna tezi za mafuta na tezi za jasho. Figo zinaposhindwa kazi kwa muda mrefu, tezi hizo husinyaa na kazi yake hupungua. Mtu ambaye zamani shati lililowana jasho lilikuwa jambo la kila siku Dar es Salaam mwezi wa Februari, sasa hukaa kwenye daladala akiwa mkavu huku abiria wenzake wakijipepea. Wengine hulifurahia jambo hili, lakini ndilo sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa jasho si maji na chumvi tu: ndani yake mna urea na asidi ya laktiki, ambazo huvuta unyevu na kuushikilia juu ya ngozi.

Tena ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5. Kwa wagonjwa wa figo kipimo hicho hupanda, na kikipanda, ule utaratibu wa kuzibandua seli zilizokufa moja moja pasipo kuonekana huvurugika, nazo huanza kubanduka kwa mafungu. Hayo ndiyo magamba.

Je, mashine yenyewe ndiyo inayokausha? Wagonjwa wengi huamini hivyo, na si bure, maana wengine hushuka kitandani midomo ikiwa imekauka na ngozi ikiwa imelegea. Mashine huondoa maji ya ziada, mara nyingi lita 2 au 3 katika saa 4, na yakiondolewa mengi kupita kiasi ngozi nayo huonyesha. Lakini ukavu huu huanza kwa watu wengi figo zikiwa bado zinaelekea kushindwa, kabla hawajawahi kuunganishwa na mashine, tena huwapata hata wale wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo. Kwa hiyo anayekosa zamu yake makusudi ili "ngozi ipumzike" anajidhuru pasipo faida yoyote.

Anza kwa kutazama na kuandika

Kabla ya kubadili mafuta au kumeza dawa, jitazame mwili mzima penye mwanga mzuri, au mwombe mtu wa nyumbani akutazame mgongoni, kisha andika mahali palipokauka na wakati panapozidi. Daftari la kurasa chache linatosha. Mahali penyewe husema mengi. Ukavu ulioenea sawasawa pande zote mbili, kwenye miundi, mikono, mgongo na tumbo, bila vipele, huelekeza kwenye ugonjwa wa figo wenyewe au kwenye mazoea ya kuoga. Ukavu ulio kwenye mkono wa fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) peke yake, tena wenye umbo la mstatili, ni wa plasta au wa dawa ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, na dawa yake ni kumwambia muuguzi abadilishe aina ya plasta au dawa hiyo. Ukavu wa nyayo na visigino kwa mwenye kisukari mara nyingi unatokana na mishipa ya fahamu ya miguuni kuharibika, hata tezi za jasho za huko zikaacha kupokea amri. Mtu huyo asichukulie magaga kuwa jambo la urembo, kwa sababu kidonda cha mguu huweza kuanzia kwenye ufa ule ule.

Kuna hali nyingine ambazo husingiziwa figo. Mwasho uliojificha katikati ya vidole, viganjani, kwapani na kiunoni, unaozidi usiku, na hasa ikiwa mwenzako wa kitandani au watoto nao wanajikuna, uchunguzwe kama upele, ambao hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipotulia ni choa. Kupaka mafuta juu ya upele au choa kwa miezi mitatu huku ukilaumu mashine ni kupoteza muda, na hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Andika pia wakati. Ikiwa ngozi na mwasho huwa vibaya zaidi siku ya mwisho kabla ya zamu na kupata nafuu baada yake, taka za damuni ndizo za kushukiwa. Ikiwa vibaya zaidi ni saa chache baada ya kushuka mashineni, pamoja na kizunguzungu, mkakamao wa misuli na sauti kukwaruza, pengine unatolewa maji kupita kiasi. Na ikiwa hali huharibika kila kipupwe kinapoingia, hasa kwa wanaoishi nyanda za baridi kama Njombe au Limuru, hewa kavu na moto wa kuotea vina sehemu yao. Kiyoyozi nacho hukausha hewa, jambo ambalo mtu wa pwani anaweza asilifikirie, na katika chumba cha kusafishia damu mgonjwa hukaa chini yake saa nne nzima.

Bafuni ndiko pa kuanzia marekebisho

Hapa ndipo mgonjwa ana mamlaka kamili. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10, na ngozi ambayo uchachu wake umekwisha kupungua haiwezi kujirudi upesi baada ya kuoshwa nazo. Mbaya zaidi ni sabuni ya mche, ambayo kazi yake ni nguo, na sabuni za dawa zenye harufu kali, ambazo watu wengi hukimbilia wakiamini kwamba mwasho ni uchafu au wadudu. Kadiri mtu anavyowashwa ndivyo anavyosugua, na kadiri anavyosugua ndivyo anavyokauka na kuwashwa zaidi.

Oga mara moja kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda usiozidi dakika 10. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, na uipake pale tu inapohitajika: kwapani, sehemu za siri, miguuni, pamoja na mkono wa fistula, ambao ni lazima uoshwe kwa sabuni kabla ya kila zamu. Mahali pengine maji yanatosha. Dodoki liachwe. Maji ya moto sana, ambayo hutuliza mwasho kwa dakika chache na ndiyo maana hupendwa, huyeyusha mafuta ya ngozi, na mwasho hurudi ukiwa na nguvu zaidi. Ukitoka, jikaushe kwa kugusagusa na taulo laini au khanga ya pamba iliyochakaa, bila kusugua, kisha upake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, yaani ndani ya dakika tatu hivi.

Kuhusu mafuta yenyewe, bei haina maana kubwa. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Huziba tu ili yaliyopo yasitoke, na kwa hiyo yakipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka yatang'aa bila kufanya kazi kubwa. Yakipakwa juu ya ngozi yenye unyevu ni dawa nzuri na ya bei ndogo. Mafuta ya nazi yanafaa pia. Gliserini huvuta maji, lakini isipakwe ikiwa tupu kwenye hewa kavu. Ichanganywe na maji au itumiwe ndani ya krimu. Kwa ngozi ngumu ya miundi na visigino, krimu yenye urea ya asilimia 10 hulainisha vizuri. Wengine hushtuka kusikia kwamba wapake urea, ilhali ndiyo ile ile wanayotolewa damuni kwa gharama kubwa, lakini kiasi hicho kinabaki ngozini na kazi yake huko ni kushika maji. Isipakwe penye mipasuko kwa kuwa itachoma.

Paka mara mbili kwa siku, kila siku, hata ngozi ikianza kupendeza. Yapo mambo mawili ya tahadhari: asubuhi ya zamu usiupake mafuta mkono utakaochomwa sindano, kwa sababu plasta haitashika na ngozi haitasafishika ipasavyo; na mwenye kateta, yaani mpira wa kupitishia damu, ya shingoni au kifuani asipake chochote karibu na tundu lake siku yoyote ile.

Vitu vinne viepukwe. Losheni ya kalamaini hupoza mwasho, lakini ni unga uliochanganywa na maji, na maji yakiisha unga huo hukausha. Krimu za magaga zenye asidi ya salisiliki zisipakwe sehemu kubwa ya mwili, kwa kuwa asidi hiyo hupenya hadi damuni na figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa. Mafuta yenye manukato makali huchokoza ngozi iliyokwisha kudhoofika. Na mkorogo, pamoja na sabuni za kujichubua, usiguswe hata kidogo: baadhi yake huwa na zebaki, ambayo yenyewe huharibu figo, na mwingine huwa na dawa za steroidi ambazo hupunguza unene wa ngozi. Mgonjwa ambaye bado anapata mkojo kidogo, hata glasi moja kwa siku, ana kitu cha thamani cha kukilinda.

Nipe majuma mawili hadi manne ya mazoea hayo kabla ya kuhukumu. Wengi huona tofauti ndani ya muda huo, na mwasho nao hupungua bila kidonge chochote.

Kama bado: mambo ya kuuliza kitengoni

La kwanza ni usafishaji wenyewe, kama unatosha. Kwa mazoea watu husema wanakwenda "kusafisha figo", lakini figo zinabaki kama zilivyo. Kinachosafishwa ni damu, na kwa saa chache tu. Wiki ina saa 168, na figo nzima hufanya kazi saa zote hizo. Anayekaa mashineni saa 4 mara tatu kwa wiki amepata saa 12. Anayekwenda mara mbili, kama ilivyo kwa wengi Afrika Mashariki kwa sababu za gharama na bima, amepata saa 8. Nchini Kenya, mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na mamlaka mpya ya SHA mwaka 2024, ilizoeleka kulipia mara mbili kwa wiki. Akiongeza kuchelewa kufika na kuomba ashushwe nusu saa mapema, hesabu yake inazidi kuwa mbaya. Muulize daktari kipimo cha kiasi cha urea kinachoondolewa katika zamu moja: kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki kinatakiwa kifike angalau asilimia 65, na kipimo kiitwacho Kt/V, ambacho nacho huonyesha kama damu imesafishwa vya kutosha, kifike angalau 1.2. Kwa anayekwenda mara mbili, namba hizo zikifikiwa bado si ushahidi kwamba wiki nzima inatosha.

La pili ni uzito mkavu, yaani uzito ambao daktari anakusudia uwe nao unaposhuka mashineni pasipo maji ya ziada. Mtu akinenepa kweli kwa kula vizuri na uzito huo usipandishwe katika kumbukumbu, mashine itaendelea kumtoa maji ambayo hayakuzidi, naye atakauka, atakakamaa misuli na shinikizo la damu litashuka. Kwa upande mwingine, anayerudi na maji mengi mno hulazimisha yatolewe kwa kasi. Vitengo vingi hujaribu kutovuka mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa, au takribani lita 3 katika zamu ya saa 4. Njia ya kuyapunguza maji hayo ni kupunguza chumvi, maana kiu ya wagonjwa wengi inatoka kwenye ng'onda, viungo vya supu vya pakiti na chumvi ya mezani. Asitumie chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye shinikizo la damu, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

La tatu ni fosfati, kalsiamu na homoni ya tezi za parathiroidi, yaani tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu ya damuni. Vitu hivi huhusishwa zaidi na mwasho kuliko na ukavu wenyewe, lakini mgonjwa hawezi kuvitenganisha akiwa anajikuna saa nane za usiku, na kujikuna huiharibu zaidi ngozi kavu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, soda nyeusi na nyama za kusindikwa vina fosfati nyingi, na ile inayotiwa viwandani hufyonzwa karibu yote, tofauti na ya maharage ambayo sehemu yake hupita bila kufyonzwa. Daktari akiwa amekuandikia vidonge vya kukamata fosfati, vimezwe pamoja na chakula, katikati ya mlo. Wapo wanaovimeza asubuhi tumbo likiwa tupu pamoja na dawa za presha, na vidonge hivyo hupita tumboni bila kukuta fosfati ya kukamata.

La nne ni vidonge vya ziada. Vitamini A hujikusanya katika mwili wa mwenye figo zilizoshindwa, mashine haiitoi, na ikizidi hukausha ngozi na kupasua midomo. Kwa hiyo vitamini za mchanganyiko zinazouzwa dukani, pamoja na mafuta ya ini la samaki ambayo ndugu hununua kwa nia njema, zipelekwe kwa daktari azisome lebo kabla ya kumezwa. Umwombe pia apime tezi ya shingo (thairoidi), kwa kuwa ikizembea hukausha ngozi vilevile na haionekani kwa macho.

Kuhusu dawa za mwasho, piritoni husaidia hasa kwa kumlaza mtu usingizi, kwa sababu mwasho wa figo kwa sehemu kubwa hauendeshwi na histamini, kemikali ya mwilini iletayo mwasho wa mzio, ambayo dawa hiyo huizuia. Dawa za mishipa ya fahamu kama gabapentini huwafaa baadhi, lakini kwa dozi ndogo sana, kwa kawaida baada ya kusafishwa, maana ikizidi mtu huchanganyikiwa na kuyumba. Usiazime kidonge cha jirani wa kitanda cha pili, hata kama kimemsaidia.

Kuna dalili ambazo hazingoji siku ya zamu. Ufa unaotoa usaha, wekundu na joto kwenye fistula au karibu na kateta, homa au kutetemeka, na kidonda cha mguuni kwa mwenye kisukari, vyote vinahitaji kuonwa siku hiyo hiyo. Hatari zaidi ni mabaka ya zambarau au meusi, magumu na yenye maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wake, yanayotokea mapajani, tumboni au matakoni. Hayo yanaweza kuwa ya mishipa midogo ya damu iliyoganda kwa kalsiamu, na hapo mafuta yawekwe kando, mgonjwa apelekwe hospitali moja kwa moja.